Tela Lisilotoka Uani

Ukitaka kumkasirisha Kabari, mwambie tela lako umeshalifunga vizuri, twende zetu. Papo hapo alikuwa akivua kofia, akapiga magoti vumbini, akaanza kugusa kila kitu kwa kidole, kiungo, minyororo, nati, taa, huku akinung'unika peke yake. Jina lake la kweli lilibaki kwenye vyeti. Hilo la Kabari alipewa na wateja, kwa ajili ya vile vipande viwili vya mbao alivyovisukuma chini ya magurudumu kabla ya kushika kitu kingine chochote. "Kabari kwanza!" Miaka ishirini na mbili alipiga kelele hiyo katika uwanja wa kukodisha matela ya kulala, mpaka mlinzi wa getini akawa anazinduka usingizini akisema, "Kabari kwanza, bosi, sijalala."

Matela yenyewe ni vyumba vyenye magurudumu, vya kuvutwa na pikapu. Ndani kuna kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi la mafiga mawili, na choo ambacho mtu mnene anakiingia kinyumenyume. Watu wenye likizo waliyakodi kwenda kupiga kambi maziwani na milimani, na kila aliyekodi alipitia kwanza mikononi mwa Kabari. Hapo ndipo utamu wa kazi yake ulipokuwa. Alikuwa akimsimamisha mkurugenzi mzima na suruali yake ya pasi, anamwambia, "Hebu nyoosha mkono. Unaona ndoo hizo za maji? Umeziweka nyuma kabisa. Ukifika mteremkoni tela litakutikisa mkia mpaka uombe toba. Vizito vyote viwe chini, juu ya ekseli ya magurudumu, vikaribie mbele kidogo. Na likianza kuyumba usikanyage breki kwa nguvu, utajiua. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani, tulia."

Alijua mengi, hilo hata adui yake hakatai. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo cha tela na pikapu, ili kiungo kikichomoka kidakwe kisianguke barabarani. Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko. Tairi usiliangalie meno tu, soma na tarehe yake, maana tairi linazeeka hata likikaa bure. Ukirudi nyuma, shika usukani kwa chini, halafu peleka mkono upande ule unaotaka mkia uende. Fika kambini jua bado lipo. Ukishafika, weka bakuli la maji mezani uone kama tela limekaa sawa, la sivyo damu yote itakimbilia kichwani. Na wale ambao hawajawahi kabisa aliwaambia neno moja ambalo litatusumbua baadaye: "Lala nalo kwanza uani kwako. Vitu vyote vibovu vijitokeze ukiwa nyumbani."

Haya. Mtu huyo, mwalimu wa safari za watu, mwenyewe hakuwahi kulala ndani ya tela hata siku moja. Likizo za watu ndizo zilikuwa kazi zake. Mkewe alikuwa akimwambia, "Wewe mume wangu unafungasha wenzio tu. Sisi utatufungasha lini?" Naye anacheka, anasema nikistaafu, mama, nikistaafu.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa kicheko kikubwa. Mwaka mmoja kabla mumewe hajastaafu aliteleza kwenye ngazi za stoo ya shule, nyonga ikapona vibaya. Tangu hapo akawa anatembea na mkongojo, na kukaa kitako ikawa adhabu. Saa moja kwenye kiti, anaanza kutokwa jasho kwa maumivu. Akilala ubavu, nafuu inarudi. Basi la kwenda kwa kaka yake, huko juu nyanda za baridi, linachukua saa kumi na nne. Atakaaje?

Na huyo kaka si kaka tu. Ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki yeye akiwa na miaka minne, kaka aliacha shule, akabeba mizigo, akamsomesha. Alikuwa akimsuka nywele mwenyewe, vibaya, wakichekwa wote wawili. Sasa moyo wa kaka ulikuwa umechoka, madaktari wamesema asisafiri, asipandishe hata ngazi. Kwa hiyo yeye hawezi kushuka, na dada hawezi kupanda basi. Wakabaki kuongea kwenye simu.

Ndiyo maana siku bosi alipomuaga Kabari kwa kumpa tela moja bovu lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana, paa limeoza, panya wamezaa ndani ya godoro, mkewe alilia kwa furaha. Kabari naye akapiga kifua. "Nipe miezi minane. Utakwenda kwa kaka yako umelala kitandani kama malkia. Kila saa mbili tunasimama, unanyoosha mgongo, nakupikia chai, tunaendelea. Siku mbili tumefika."

Miezi minane kweli. Akabadilisha paa, akapiga rangi ya maziwa, akashona mapazia mwenyewe, jirani yao mshonaji akamcheka mpaka machozi. Mkewe akaanza kufuma sweta la kijivu la kumpelekea kaka, maana huko baridi haina adabu. Kaka akapiga simu. "Shemeji, hilo gari lako lina injini au mtalisukuma?" Kabari akajibu, "Shemeji, wewe osha vikombe. Tunakuja."

Wakalala uani mara ya kwanza, kama kanuni inavyosema. Asubuhi godoro limelowa, paa linavuja kwenye pembe. Sawa, hilo ni kosa la kweli. Mara ya pili kukawa na harufu ya gesi. Ya tatu, jeki ya nyuma ikazama. Ya nne akasoma tarehe za matairi, akakuta yana umri wa mjukuu wao. Hakuna wa kumlaumu hapo, na mkewe hakumlaumu. Asubuhi mshonaji alikuwa akichungulia ukutani, anauliza, "Jirani, mmefika salama?" Na mke wa Kabari anajibu kutoka dirisha la tela, "Tumefika, mwaya! Hewa ya huku nzuri kuliko kwenu!" Wanacheka pamoja.

Lakini mara ya tano kosa lilikuwa droo inayofunguka yenyewe. Ya sita, bawaba inayolia. Ya saba, pima maji yake na bakuli havikukubaliana. Ya nane alisema tu kuna mlio fulani haupendi. Mlio gani? Hakusema. Mkewe akitoka ndani ya tela asubuhi, begi mkononi, anakatiza uani kwa mkongojo, anarudi nyumbani kwake hatua kumi na nane, anaanza kutoa nguo moja moja. Mshonaji akaacha kuuliza kama wamefika. Hata utani una mwisho wake.

Na huko juu kaka alikuwa anakonda. Kila simu, dada anauliza, "Umepungua tena?" Anajibu, "Kidogo tu." Basi anafumua lile sweta mbavuni, analipunguza, analifuma upya. Alilipunguza mara tatu.

Sasa ngoja lisemwe lililokuwa limemkaba Kabari, maana bila hilo utadhani ni uvivu au roho mbaya. Miaka sita kabla ya kustaafu alikuja mwalimu mmoja na familia yake kuchukua tela. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, bosi anafoka, watoto wanalia. Tela lilikuwa limetoka kubadilishwa matairi. Kabari akamwambia mwalimu, "Ukienda kilomita hamsini simama, kaza nati za magurudumu tena. Tairi jipya likishazunguka, nati hulegea." Mwalimu akaitikia, asante sana mzee, akaondoka. Jioni Kabari alipokuwa akipanga vifaa vyake akaikuta spana ya magurudumu ya tela lile pale pale juu ya meza ya kazi. Hakumpa.

Gurudumu lilichomoka kwenye kilomita ya mia moja na kitu. Tela likapinduka, likavuta gari mtaroni. Watoto walipona. Mwalimu alikatwa mguu. Polisi walipokuja kuuliza, walikuta orodha ya kukabidhi tela imejazwa na sahihi ya mwalimu ipo, ameambiwa akaze nati. Kosa likawa la mwalimu. Bosi akampiga Kabari begani, "Wewe ulifanya kazi yako." Naye akanyamaza. Spana aliirudisha kwenye ndoano yake kimya kimya, akaenda nyumbani, akala. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mke wake, aliyemwona akiosha mikono mara tatu akadhani ni grisi.

Tangu siku hiyo kila tela lililotoka lilimtoa jasho. Lakini hayo yalikuwa ya watu. Hili la kwake lingembeba mkewe amelala ubavu nyuma, kwenye mteremko wa nyanda za juu, kona baada ya kona. Akifumba macho anaona gurudumu linakwenda peke yake.

Mara ya kumi na moja, tela lilikataa kabisa kuwa na kosa. Aliamka alfajiri akatafuta. Paa kavu. Gesi kimya. Maji kwenye bakuli yametulia. Nati zimekazwa, akazikaza tena, spana akaiweka chini ya kiti cha dereva cha pikapu yao, akaitoa, akaiangalia, akairudisha. Ilibaki taa za nyuma tu. Hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma aseme. Miaka yote ya ndoa yao kila gari walilokuwa nalo, mkewe ndiye aliyesimama nyuma. Akasimama na mkongojo wake, akapaza sauti, "Kushoto imewaka! Kulia imewaka! Zote, baba! Zimewaka zote!" Sauti ya msichana kabisa. Jana yake kaka alikuwa amepiga simu, akasema pole pole, kama mtu anayepanda kilima, "Dada, usichelewe sana." Hakuongeza utani wowote.

Mkewe akaingia ndani kufunga begi na kuosha vikombe viwili vya mwisho.

Kabari akashuka. Akaenda nyuma ya tela. Akafungua kifuniko cha taa ya kulia, skrubu mbili, akachomoa balbu ya breki, nzima, akaitia mfuko wa shati. Akafunga kifuniko. Mikono yake ilifanya hayo kwa ustadi ule ule wa siku zote. Halafu akaita, "Mama, hebu njoo tujaribu mara moja tena."

Mkewe akasimama nyuma na begi lake. Akangoja. "Kulia haikuwaka," akasema.

"Imekufa," Kabari akasema bila kumtazama. "Na balbu ya aina hii hapa haipo. Itaagizwa. Wiki mbili."

Angebisha, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Sawa," akazihesabu tena hatua zake kumi na nane.

Siku nne baadaye Kabari alivaa lile shati, limefuliwa, limepigwa pasi mpaka kola inasimama, akasikia kitu kigumu mfukoni. Balbu. Akatazama huku na huku, halafu akashukuru bahati yake. Akaificha kwenye kopo la nati kwenye banda lake la vifaa. Mtu aliyekuwa akiona ufa mwembamba kama unywele kwenye tairi la mkurugenzi hakujiuliza swali dogo ambalo mtoto angejiuliza.

Siku ya tisa, asubuhi, simu ililia. Alikuwa mtoto wa kaka. Mke wa Kabari alisikiliza amesimama, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Nakuja." Kisha akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akalia kwa sauti moja ndefu isiyopumzika, mshonaji akaruka ukuta na uzi bado mdomoni.

Alipomaliza, akaenda kuoga, akavaa, akachukua begi ambalo siku hizi hakuwa akilifungua hata kidogo. Basi linaondoka saa sita. Kabari akasimama uani, anapangusa mikono isiyo na kitu. "Ngoja nione kama naweza kuazima balbu mahali," akasema.

"Haya," mkewe akasema. Akakaa mlangoni, akaanza kufunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Alikaa pale zaidi ya nusu saa, mwanamke asiyeweza kukaa kitako. Kabari alikwenda bandani. Akashika kopo la nati. Kulifungua ni dakika moja, kuirudisha balbu dakika mbili, na wangeondoka. Lakini angesema ameipata wapi? Akaliweka kopo chini. Akatoka, akasema, "Sijapata."

"Hujapata," mkewe akasema. Akanyanyuka kwa mkongojo. Mshonaji ndiye aliyembebea begi mpaka kituoni.

Saa kumi na nne kwenda. Alisimama sehemu kubwa ya njia, amekumbatia chuma cha kiti, abiria wakimsihi akae naye anasema akikaa ndiyo anaumia. Alifika usiku, akamkuta kaka ameshafunikwa shuka. Alirudi baada ya siku tano kwa mikongojo miwili.

Kabari alimpokea kwa chai. Alikuwa amefagia, amepika, amemtandikia. Alimwacha apumzike siku mbili, ya tatu alasiri akaingia chumbani amekunja kiganja, na lililomtoka kinywani ndilo hili, Mungu amsamehe: "Mama, balbu imefika jana. Tela liko tayari. Tunaweza kwenda ukalione kaburi vizuri, bila kuumia."

Mkewe alikuwa amelala ubavu kitandani, lile sweta la kijivu mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Balbu haijafika kutoka popote, baba. Nilipotaka kufua shati lako niliitoa mfukoni. Nikafua, nikaanika, nikapiga pasi, nikairudisha mle mle. Mwenyewe. Nikasema akiikuta kwenye shati safi atajua nimejua. Ataona haya kidogo, ataipachika, tutaondoka kesho yake. Kaka alikuwa hai bado. Nikafunga begi. Wewe ukaja, ukala, ukasema chumvi imezidi."

Kabari alikaa kwenye kiti cha kona.

"Na siku ya msiba nikafunga viatu vyangu nusu saa nzima, nakungoja," mkewe akasema. "Nyonga inawaka moto. Nikasema leo, leo hawezi, leo ataitoa."

Ndipo yalipomtoka. Mwalimu, foleni, spana juu ya meza, mguu uliokatwa, sahihi kwenye karatasi, miaka yote ile. Alizungumza ameinamisha kichwa, akilia kama ambavyo hakulia msibani kwa mama yake mzazi. "Niliogopa," akasema. "Niliona gurudumu linatoka, wewe umo ndani. Niliogopa, mke wangu."

Mkewe alipojibu, sauti yake ilikuwa imechoka tu.

"Ungeniambia unaogopa, tungekwenda pole pole. Kila kilomita kumi tungesimama. Spana ningeishika mimi mwenyewe mapajani mpaka tufike." Akavuta uzi wa sweta. "Mimi nilikuwa nangoja tela lipone. Kumbe mgonjwa ni mwingine, na hakuna aliyeniambia."

Kabari alisubiri aongeze neno, hata tusi. Mkewe alikuwa amepata ncha ya uzi, anafumua mkono wa sweta, mstari baada ya mstari, uzi wa kijivu ukijikunja shukani.

Basi akatoka. Jua lilikuwa bado juu ya paa la mshonaji. Akaenda nyuma ya tela, akatoa skrubu mbili, akaipachika balbu mahali pake, akafunga kifuniko na kukifuta kwa mkono wa shati. Akazunguka, akaangalia kabari zake mbili chini ya magurudumu, akaingia kwenye pikapu, akawasha, akakanyaga breki.

Dirisha la chumbani linatazama uani, na lilikuwa wazi. Aliona kiwiko cha mkewe kikienda na kurudi.

"Imewaka?" akaita.

Kiwiko kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Akakanyaga breki kwa nguvu zaidi, akatoa kichwa nje, akaita tena, "Mama, ya kulia imewaka?"

Mguu wake ulibaki kwenye breki mpaka ukafa ganzi. Akiutoa ashuke kwenda kutazama, taa itazimika.